Kabla ya kuhamia NumPy 2, tazama sifuri zako

Mdogo wangu, umeuliza kama kuhamia NumPy 2, toleo la pili la maktaba ya Python ya kukokotoa namba, kutazuia modeli yako ya mabomba ya maji Kinondoni, yenye viungo 10,000 (sehemu mabomba yanapokutana), isigandishe laptopu ya RAM GB 8. Hamia, ni toleo zuri, ila dawa haiko hapo.

Viungo hivyo vinakupa matriksi, yaani jedwali la namba, ya 10,000 kwa 10,000; kila namba ikiwa baiti 8, inakula MB 800. Ukiita inv, amri ya kutafuta kinyume cha matriksi, inazaliwa nyingine ya ukubwa huohuo. Sasa angalia mtandao wenyewe: kila kiungo kina majirani watatu au wanne tu, kwa hiyo karibu matriksi nzima ni sifuri! Unazitunza za nini? Ihifadhi kwa csc_matrix ya scipy.sparse (sehemu ya maktaba ya SciPy), inayotunza namba zisizo sifuri tu, kisha tatua milinganyo kwa spsolve. Zitabaki namba zisizozidi 50,000, hata MB 1 haifiki. Na inv achana nayo kabisa, maana kinyume cha matriksi ya namna hii kwa kawaida hujaa namba tele, utarudi palepale.

Kwa matriksi zilizojaa kweli, andika np.show_config() uone kama chini ya NumPy kuna OpenBLAS au MKL, maktaba za kukokotoa matriksi kwa kasi. Huko ndiko kasi inakotoka. Ukikwama, weka msimbo hapa tuutazame.