Mabuti ya Ekseli ya Mbele ya Lori la M35A2: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza lori la zamani la kijeshi la Marekani la M35A2 kwa ajili ya mabuti ya mbele, yaani vifuniko vya raba vya viungo vya ekseli, huambiwa mara nyingi kwamba kazi ni ndogo: raba imepasuka, ivuliwe, livikwe buti jipya, lori liondoke. Ninyi mnaoanza kazi hii mnapaswa kujua mapema kwamba raba yenyewe ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Buti lililopasuka linatoa habari za kilichokuwa kikiendelea ndani ya ekseli, pengine kwa miaka, na fundi anayelifunika tundu bila kuisoma habari hiyo atakuwa amebadilisha sura ya tatizo tu.

Malori ya familia ya M35 yalianza kutengenezwa na kampuni ya REO ya Lansing, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ekseli zake zote tatu zinaweza kusukuma. Kwa kuwa magurudumu ya mbele yanakata kona na pia yanaendeshwa, shafti ya kila upande ina kiungo cha mwendo sawa cha aina ya Rzeppa, chenye gololi sita zinazotembea ndani ya mifereji iliyochongwa kwa usahihi mkubwa. Buti linaziba nafasi iliyopo kati ya mwisho wa nyumba ya ekseli na kile kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu. Kazi yake ni kuzuia grisi isitoke na kuzuia maji, mchanga na matope yasiingie.

Wenye malori wengi hujifariji kwamba, kwa kuwa hawatumii msukumo wa mbele, buti lililochanika linaweza kusubiri. Hoja hiyo haina msingi. Habu za mbele za lori hili, yaani vitovu vya magurudumu, kama lilivyotoka kiwandani, hazina swichi ya kuachanisha gurudumu na shafti, kwa hiyo gurudumu linapozunguka, shafti na kiungo vinazunguka pia, hata kama msukumo wa mbele haujaunganishwa. Mchanga ulioingia unasaga kila kilomita ambayo lori linatembea.

Kabla ya kushika spana, lala chini ya lori na uitazame grisi inayovuja, uichukue kidogo kwa kidole na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa nzito na nyeusi lakini laini, una bahati. Ikikwaruza kama ina chembe, jiandae kukuta mifereji ya gololi imelika. Ikiwa na weupe wa maziwa, maji yameingia, na kutu huenda imekwisha kuanza. Ikiwa nyepesi, inatiririka, na ina ile harufu kali ya oili ya gia, basi kinachovuja kinatoka kwenye difu, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, kupitia sili ya ndani (pete ya kuzuia oili) ya shafti, na hapo buti jipya peke yake ni fedha iliyotupwa, kwa sababu litajaa oili kama lile la kwanza na raba yake italainika na kuvimba. Ukikuta hali hiyo, kagua pia tundu la kupumulia la ekseli. Likizibwa na tope, hewa inayopata joto ndani ya nyumba ya ekseli hukosa pa kutokea na kuisukuma oili ipite penye sili, hata sili iliyo nzima.

Mabuti yanayopatikana ni ya namna mbili. Lipo buti lenye mshono wa zipu, linalovikwa bila kufungua ekseli, na lipo buti zima lisilo na mshono, ambalo haliwezi kuingia mpaka kipande kinachogeuka kiondolewe. Sidharau buti la zipu. Kwa lori ambalo raba imechanwa na kisiki jana na grisi yake bado ni safi, linatosha kabisa. Kwa lori ambalo halijulikani limekaa na tundu muda gani, fungueni yote. Kazi ni ndefu zaidi, lakini ndiyo inayowapa nafasi ya kuona.

Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma na ukalishe ekseli juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto zina nyuzi za kinyume, kwa hiyo anayezikaza akidhani anazifungua hukata bolti bure. Usiguse kabisa pete inayofungia tairi kwenye rimu maadamu tairi lina upepo: pete hiyo ikiruka inaua. Ukifika kwenye breki, usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa, kwani brekishuu za zamani huenda zina asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Baada ya kutoa kifuniko cha habu chenye meno ya shafti, utakuta nati mbili kubwa zenye washa ya kufungia kati yake. Zifungue kwa soketi yake halisi, wala si kwa tindo na nyundo, kwa maana nati iliyopigwa kingo haiwezi tena kupimwa vizuri wakati wa kurudisha beringi. Habu hutoka pamoja na dramu, na uzito wake unahitaji watu wawili au kijeki cha chini. Bamba la breki linaweza kuondolewa bila kufungua mpira wa breki, ila lifunge kwa waya kwenye springi ili uzito wake usiuning'inie mpira huo. Kisha toa spindo, yaani mhimili ambao habu huzunguka juu yake, uigonge kwa nyundo ya mbao au ya raba, na uvute shafti ikiwa imenyooka. Ukiiacha iinamie chini, itaikwangua sili ya ndani, na sili hiyo ndiyo inayotenganisha oili ya difu na grisi ya kiungo.

Hapa ndipo ninapowaomba msiwe na haraka. Osha kiungo mpaka chuma kionekane, kikaushe, kisha ukiinamishe kila upande na uangalie kila gololi kwenye mfereji wake chini ya taa. Alama ya kung'aa mahali gololi inapopita ni ya kawaida. Vishimo vidogo, ngozi ya chuma iliyobanduka, au ukingo unaohisiwa na ukucha ukipitishwa juu yake, hivyo si vya kawaida, na kiungo cha namna hiyo kisirudishwe kwa matumaini kwamba grisi mpya itakiponya. Sili ya ndani ibadilishwe hata kama inaonekana nzuri, kwa kuwa bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kazi ya kuifikia tena.

Unapoondoa kipande kinachogeuka, utakuta vibati vyembamba chini ya vifuniko vya kingipini, yaani pini ambazo kipande hicho hugeukia. Vya juu na vya chini havichanganywi, kwa sababu ndivyo vinavyoweka mkazo wa beringi za kingipini. Vifunge kila fungu kwa waya na uliandikie upande wake.

Buti jipya livikwe likiwa safi na kavu. Safisha kutu na rangi iliyobanduka pale klempu, yaani pete ya kulibania buti, itakapokaa, maana raba haizibi juu ya magamba. Kama ni buti la zipu, mimi huelekeza mshono nyuma na juu, mbali na mawe na maji yanayorushwa. Klempu zishike kidogo kwanza, kisha zungusha kipande hicho mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia, ukiangalia kama raba imejisokota au imevutwa upande mmoja, zikaze ukisharidhika.

Grisi ya lori hili ni ile ya kijeshi iitwayo GAA. Ipake mpaka iingie katikati ya gololi, lakini usilijaze buti likavimba. Urudishaji wa beringi za magurudumu na vipimo vya kukaza vifuateni kama vilivyo katika kitabu cha matengenezo cha jeshi, TM 9-2320-361-20, huku habu ikizungushwa kwa mkono wakati nati inakazwa ili beringi zikae mahali pake.

Baada ya safari fupi ya kwanza, gusa habu zote mbili kwa tahadhari. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, beringi imebanwa mno au breki inashika. Kaza tena klempu, kwa kuwa raba mpya hujikunja kidogo inapozoea, na upitishe kitambaa cheupe kuzunguka ukingo wa ndani wa buti. Kikitoka na oili nyepesi, rudi kwenye sili ya ndani kabla lori halijapewa mzigo.