Maswali Yenu: Puri, Mji wa Jagannath

SWALI: Nasoma Bhubaneswar, India, na wenzangu wa darasani wamenialika tuende Puri wakahiji. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nitaruhusiwa kuingia hekaluni?

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Hekalu la Jagannath, mungu wa Wahindu, lililoanza kujengwa karne ya 12 na mfalme Anantavarman Chodaganga, huingiwa na Wahindu peke yao. Walinzi wa Lango la Simba humkadiria mtu kwa macho, na hata wageni wa nje walioingia dini ya Kihindu wamewahi kurudishwa. Mwaka 1984 Waziri Mkuu Indira Gandhi alizuiwa kwa sababu mumewe alikuwa Mparsi, yaani wa dini ya Zoroasta. Usibishane langoni, wala usikubali mtu akuahidi kukupitisha kwa malipo.

Simama nje, upande wa mashariki, kabla jua halijatua. Hapo utaona nguzo ya Aruna, jiwe moja lenye pande 16 lililohamishwa kutoka Konark karne ya 18, na juu ya mnara wa meta 65 hivi utaona gurudumu la madini liitwalo Nila Chakra. Kila jioni mhudumu wa hekalu hupanda mnara huo mikono mitupu kubadilisha bendera. Vitabu vya zamani vya wasafiri hutaja paa la maktaba iliyokuwa karibu na lango kuwa mahali pa kutazamia hekalu. Msivitegemee, maana tangu 2019 majengo mengi yaliyouzunguka ukuta yalibomolewa kupisha njia pana ya mahujaji, iliyofunguliwa Januari 2024.

Wenzako nao waache nje simu, viatu na mikanda ya ngozi. Kaptula na suruali zilizochanwa zimepigwa marufuku tangu Januari 1, 2024.

SWALI: Kwa nini magari ya mbao ya sikukuu ya Puri, yanayobeba sanamu za miungu, yanaundwa upya kila mwaka? Si hasara, na wanasema ni turathi?

JIBU: Turathi ya Puri haikai kwenye mbao. Inakaa mikononi mwa koo za maseremala, wahunzi, wachoraji na washonaji, na mikono isiyofanya kazi husahau. Kazi huanza siku ya Akshaya Tritiya, Aprili au Mei, na huchukua takriban miezi miwili. Magari ni matatu: Nandighosha la Jagannath lina magurudumu 16, Taladhwaja la kaka yake Balabhadra lina 14, na Darpadalana la dada yao Subhadra lina 12. Yote huzidi meta 12 kwenda juu. Maseremala hawafuati mchoro wa karatasi. Hupima kwa dhiraa na upana wa vidole, kama walivyofundishwa na baba zao. Vitambaa husema gari ni la nani: vyote vina nyekundu, kisha manjano kwa Jagannath, kijani kwa Balabhadra na nyeusi kwa Subhadra.

Mfalme wa jadi wa Puri hufagia majukwaa ya magari kwa ufagio wa dhahabu, ndipo watu huvuta kamba nene za usumba hadi hekalu la Gundicha, karibu kilomita tatu. Gari halina usukani. Likienda upande, huelekezwa kwa kuvuta kamba za upande mmoja zaidi, na husimamishwa kwa magogo yanayotupwa mbele ya magurudumu. Kwa hiyo hatari kubwa iko karibu na kamba na magurudumu. Sikukuu ikiisha magari huvunjwa, na sehemu ya mbao huenda jikoni mwa hekalu kuwa kuni.

Hata sanamu zenyewe ni za mti wa mwarobaini, na hubadilishwa katika mwaka ambao mwezi wa Ashadha wa kalenda ya Kihindu unajirudia: 1969, 1977, 1996 na 2015.

SWALI: Nimesikia chakula cha hekalu hilo hakina kitunguu. Naweza kupika mfano wake hapa Mombasa?

JIBU: Unaweza, dada, ingawa kitakuwa chakula cha nyumbani tu. Mahaprasad, yaani chakula kitakatifu cha hekalu, huwa mahaprasad baada ya kutolewa kwa Jagannath, kisha kwa mungu wa kike Bimala, na mpishi haonji kabla. Hupikwa kwa kuni katika vyungu vya udongo vilivyopandana, na vyungu hivyo havitumiki mara ya pili. Kitunguu, kitunguu saumu, viazi ulaya, nyanya na kabichi haviingii jikoni. Wa tabaka lolote hula pamoja chakula hicho, wakiwa wamekaa chini.

Jaribu dalma, mchuzi wa mbaazi na mboga. Osha gramu 200 za mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, uzichemshe kwa lita moja ya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano. Zikianza kulainika, tia magimbi na ndizi mbichi, kisha malenge dakika kumi baadaye; ukiyatia yote pamoja malenge yatarojeka kabla gimbi halijaiva, na gimbi bichi huwasha koo. Mboga zote zifike nusu kilo. Malizia na chumvi, tangawizi iliyopondwa, nazi iliyokunwa kiasi cha nusu kifuu, na vijiko viwili vya samli iliyopashwa moto kwa binzari nyembamba na mvuje kidogo. Mvuje ukiungua huwa mchungu, kwa hiyo epua samli kwanza, ndipo uutie.

SWALI: Sikukuu ya magari ni lini?

JIBU: Hufuata mwezi mwandamo. Mwaka 2025 ilikuwa Juni 27, na 2026 ni Julai 16 kwa sababu kuna mwezi wa ziada. Mwaka 2025 watu watatu walikufa katika msongamano karibu na Gundicha, alfajiri ya Juni 29. Mwenye watoto au wazee asisogee mbele. Akae pembeni mwa barabara kuu, ambayo ni pana, akijua mapema njia ya kutokea, na kila mtu awe na maji yake.