Nianzie wapi niwe muuguzi? Majibu kwa wasomaji wa Dodoma na jirani

Shikamoo sista. Nimemaliza kidato cha nne hapa Kongwa. Baiolojia nina C. Kemia, Fizikia na Kiswahili nina D. Hisabati nina F. Ndiyo basi tena?

Marahaba mwanangu. Bado. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Unazo. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nafasi tu.

Ila hiyo F usiiache ilale. Wodini utaambiwa mgonjwa apewe lita moja ya dripu kwa saa nane, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya: kama matone 42 kwa dakika. Sasa unasimama kando ya kitanda, saa mkononi, unahesabu yanavyodondoka huku unasogeza kigurudumu cha mpira taratibu. Usiku wa manane hakuna wa kukuhesabia. Chukua daftari leo, anza na kugawanya.

Binti yangu kapangiwa kidato cha tano, CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Shangazi zake wanataka aende chuo cha uuguzi asipoteze miaka. Baba, Nkuhungu.

Kaka, hesabu ya miaka ni hii. Kidato cha tano na sita miaka miwili, shahada minne, mafunzo tarajali mmoja: saba. Stashahada ni mitatu, halafu akiwa na GPA (wastani wa alama zake za chuo) ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada baadaye. Shahada hiyo ipo hapahapa mjini, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha St. John's.

Kama nyumba inahimili na anapenda sayansi, mwache aende kidato cha tano. Kama kuna wadogo zake wanaosubiri ada, stashahada si aibu hata kidogo. Mimi nilianza na cheti, nikajiendeleza nikiwa na watoto wawili. Lakini umemuuliza mwenyewe?

Chuo kimoja kimenipigia simu, nafasi ipo, nitume ada leo. Nitajuaje ni cha kweli?

Usitume. Ingia kwanza tovuti ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya namna hii, uone kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe ya uuguzi ina ithibati, maana chuo kinaweza kuwa na usajili halali kwa kozi nyingine. Mdogo wangu alisoma mwaka mzima mahali pa namna hiyo. Ada haikurudi, mwaka haukurudi. Na bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, huruhusiwi kumhudumia mgonjwa kama muuguzi, hata uwe na cheti cha kupendeza namna gani.

Ukishahakikisha, nenda kwa miguu yako. Usishangae ghorofa wala basi la chuo. Uliza wanafunzi wanaingia wodi ya hospitali gani, na mara ngapi. Omba kuona chumba cha mazoezi, kisha angalia mkono wa yule mdoli. Ukiwa umetobolewa-tobolewa kwa sindano, hapo watu wanafundishwa. Ukiukuta bado umo kwenye nailoni yake, rudi nyumbani na ada yako.

Mimi ni mwanaume wa Chamwino. Wenzangu wananicheka, eti hiyo ni kazi ya kina dada.

Nimemwona mzee wa Kigogo aliyezibwa mkojo akivumilia maumivu tangu asubuhi, hataki binti amwekee mpira wa kutolea mkojo. Alipoingia muuguzi kijana wa kiume na kumsalimia "mbukwenyi", akakubali palepale. Nenda mdogo wangu, tunakuhitaji sana.

Nina cheti, niko zahanati mwaka wa sita. Nimechelewa kurudi darasani?

Hapana dada. Cheti chako ni ngazi ya tano, stashahada ni ya sita. Ni ngazi moja tu mbele yako. Hakikisha leseni yako iko hai kabla ya kuomba. Na kama umeajiriwa na halmashauri, ruhusa ya masomo ipate kwa barua iliyosainiwa na kugongwa muhuri, nakala moja uibakize nyumbani. Ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa akihamishwa.