Mume anataka mtaa wa juu, mimi nataka wa chini: tununue fleti ipi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka 5. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka 9 na sasa benki imekubali kutukopesha. Tumebaki na fleti mbili, kila moja na mtaa wake, na mitaa yenyewe inapakana. Barabara kuu tu ndiyo inayoitenganisha. Ya mtaa wa juu ni mpya, mita za mraba 58, ghorofa ya nne, haina lifti, na bei yake imeizidi ile nyingine kwa asilimia 20. Ya mtaa wa chini ina mita za mraba 74, ghorofa ya kwanza, jengo lina miaka 30 na ushei, na kituo cha basi langu la kazini kiko mlangoni kabisa. Mume wangu hataki hata kuusikia mtaa wa chini. Ndiko alikokulia, watu saba chumba kimoja, na anasema hakuhangaika miaka yote hii ili arudi palepale. Mimi naona tunanunua jina. Huu ni mwezi wa pili tunanuniana. Dalali anasema kuna mteja mwingine, tuweke arubuni kabla ya Ijumaa. Mama yangu naye atahamia kwetu mwakani, magoti yanamsumbua. Nisaidie.
Niliye Njiapanda

Marahaba, mwanangu.

Hapa nimeifupisha barua yako, lakini yenyewe ina kurasa mbili, na mara ya mwisho niliisoma kalamu mkononi. Sifa za mtaa wa juu, jina lake na jinsi wageni watakavyouona vimekula ukurasa mzima. Magoti ya mama yamepata mstari mmoja, tena mwishoni, baada ya dalali. Mimi nitaanzia kwenye mstari huo.

Ghorofa ya nne bila lifti ni kama ngazi 70. Wewe na mume wako mtazipanda mkihema kidogo, mtazizoea. Mtu anayeumwa magoti mara nyingi huteseka zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, kwa hiyo kila akitaka kutoka ataanza kufikiria kurudi, na kila akirudi atajutia kutoka. Nimewaona wazee wa namna hiyo. Mwanzo hushuka kila siku asubuhi. Baadaye mara moja kwa wiki. Mwisho hushuka siku ya kliniki tu, ameshikwa mkono huku na huku, na siku zilizobaki dunia yake ni dirisha. Hakuna jina la mtaa linalomfikia mtu aliyekaa dirishani.

Kuhusu Ijumaa: msitoe hata senti. Mteja mwingine huenda yupo kweli na huenda hayupo, na kwenu ni mamoja, kwa sababu fleti mtakayoikosa kwa kukawia wiki mbili ni hasara ndogo kuliko fleti mtakayoilipia miaka 20 mkiwa mmekosea. Kwanza wakili wenu, asiwe wa muuzaji wala wa dalali, aipekue hati miliki: je, anayeuza ndiye mwenye mali, kuna rehani juu yake, kuna kesi, kuna kodi isiyolipwa, na je, fleti ina hati yake yenyewe au imo ndani ya hati moja ya jengo zima? Arubuni itolewe baada ya hapo, kwa maandishi, na maandishi yaseme itarudishwa kwa masharti gani mkigundua kasoro. Dalali akikataa hilo, amekwisha kuwajibu.

Sasa hiyo mitaa miwili. Mpaka wa mtaa ni mstari kwenye ramani ya manispaa, miguu haiuoni. Ukikaa chini utavuka barabara dakika tano kwenda kupunga upepo juu, ukikaa juu utashuka chini kufuata basi. Mazuri ya mtaa jirani mtayatumia vilevile mkiishi upande wowote. Kuna mambo machache ambayo mstari ule huyaamua kweli, na hayo nendeni mkayaulize manispaa na shuleni wiki hii hii: shule za serikali zinaandikisha watoto kwa mtaa au la, kodi ya majengo ni kiasi gani kila upande, taka huzolewa mara ngapi, na bomba la maji taka likipasuka anayekuja ni nani. Mengine yote yanategemea jengo, na ndani ya jengo yanategemea mlango mmoja.

Niwasimulie yangu. Fleti yangu ya kwanza niliitembelea mara tatu kabla ya kununua, na mara zote tatu ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwa sababu ndiyo nafasi niliyokuwa nayo. Mtaa ulikuwa umetulia, ndege wanalia. Usiku wa kwanza nikalala, na saa kumi na dakika arobaini alfajiri nikaamka nikidhani ni tetemeko. Nyuma ya ukuta kulikuwa na yadi ya mabasi, na madereva walikuwa wakipasha injini moto. Bilauri yangu ya maji juu ya meza ya kitanda ilikuwa inatetemeka, maji yanafanya viduara vidogo vidogo, kimoja ndani ya kingine. Nilikaa kitandani nikaviangalia viduara vile hadi kulipopambazuka. Niliishi humo miaka 9, na kila alfajiri ya siku ya kazi viduara vile vilikuwepo. Aliyeniuzia hakusema uongo. Mimi sikuuliza, wala sikwenda kulala jirani hata usiku mmoja nikasikiliza.

Nakuambia haya kwa sababu fleti unayoipenda wewe, siyo anayoipenda mume wako, ndiyo yenye kituo cha basi mlangoni. Raha yako ya asubuhi inaweza kuwa kero yako ya usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu kelele za usiku barani Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Programu ya simu itakupa makisio, si kipimo cha maabara, lakini yanatosha kulinganisha. Pima dirishani pa chumba cha kulala saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, chini na juu. Kumbuka kwamba kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi, na sikio husikia kama imezidi takriban maradufu. Tofauti ya desibeli 10 si jambo dogo kwa mtoto anayelala. Kama vyumba vya kulala viko upande wa nyuma na sebule ndiyo inayotazama barabara, mna bahati. Kama ni kinyume chake, ulizeni gharama ya vioo viwili viwili kwa kila dirisha kabla ya kukubaliana bei.

Jambo la pili la mtaa wa chini ni maji. Mvua inayonyesha juu hushukia kwenu. Nenda siku ya mvua kubwa, au kesho yake asubuhi, tazama kuta za maduka ya barabarani. Maji yakifika huacha mstari, rangi ya udongo, hata ukuta ukipakwa rangi upya mstari huo hujitokeza tena kwa chini. Muulize mlinzi wa usiku, na muulize mwenye duka la ghorofa ya chini kwa nini rafu yake ya kwanza ameinua. Ghorofa ya kwanza haitazama, lakini mita za umeme, pampu na tangi la maji mara nyingi viko chini, na vikilowa jengo zima linakaa gizani bila maji.

Halafu umri wa jengo. Miaka 30 yenyewe hainitishi, kinachonitisha ni jengo la miaka 30 lisilo na akiba. Ukinunua fleti unanunua pia sehemu yako ya paa, mabomba, ngazi na madeni ya majirani. Omba mihtasari ya vikao vya kamati ya wakazi ya miaka mitatu iliyopita na hesabu za mfuko wa matengenezo. Soma ni wangapi hawalipi ada ya huduma. Paa likianza kuvuja na mfuko ni mtupu, mtachangishwa kwa mkupuo, pengine mwaka uleule mnaoanza kulipa mkopo. Mchukueni pia mhandisi wa majengo, huyo ada yake msiionee uchungu, akague nguzo, unyevu na nyaya. Na lile jengo jipya la juu nalo alikague. Upya ni rangi na vigae. Jengo la mwaka mmoja halijapitia misimu ya kutosha kuonyesha nyufa zake, na mara nyingi kamati yake bado haijaundwa wala mfuko haujafunguliwa.

Nimezichezea tarakimu zako. Tukiita bei ya fleti ya chini 100, ya juu ni 120. Gawanya kwa ukubwa: kila mita ya mraba ya juu inawagharimu mara moja na nusu ya ile ya chini. Na ile ishirini ya ziada hamtailipa mfukoni, mtaikopa. Chukua mfano wa riba ya asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka 20: kila 100 mnayokopa mtairudisha kama 232. Ishirini yenu inakuwa 46. Weka riba halisi ya benki yenu kwenye hesabu hiyo, kisha jiulizeni hicho kilichoongezeka kingewafanyia nini.

Na muda wako je? Umeandika kwamba kutoka juu safari yako ingeongezeka dakika 20. Kwenda na kurudi, siku tano, wiki 46 za kazi, ni saa 153 kwa mwaka. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti juu ya wanawake 909 wenye ajira huko Texas, Marekani, wakiwauliza jana yao ilikwendaje tukio kwa tukio. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa mkiani kabisa kati ya mambo yaliyowapa raha. Mtu huzoea ukubwa wa sebule. Foleni ya kila asubuhi ni vigumu kuizoea.

Kwa hiyo mimi naegemea fleti ya chini, ikiwa usiku wake unalalika na mfuko wa jengo una pesa. Kimojawapo kikikosekana, zote mbili ziacheni, mtafute ya tatu. Ikipatikana juu, yenye lifti, hata kama ni ndogo zaidi, nitakuwa upande wa mume wako.

Maana mume wako hana makosa, mwanangu, na hili nakuomba ulisome taratibu. Jina la mtaa lina thamani ya kweli: nyumba ya mtaa wenye sifa mara nyingi huuzika upesi, na benki huikubali kwa urahisi. Lakini hilo halikumnunisha. Mtoto aliyelala watu saba chumba kimoja alikuwa akitazama taa za juu usiku. Mitaa hiyo inapakana, basi alikuwa akiziona kila siku ya utoto wake. Ukimwambia "tunanunua jina", yeye anasikia kwamba jasho lake lote ni majivuno. Neno hilo lirudishe. Mwombe radhi, kwa neno hilo moja tu, bila kuongeza hesabu zangu nyuma yake. Hesabu zingojee siku nyingine.

Kisha mwombe mwende wote kwenye ile fleti ya chini jioni, bila dalali. Simameni sebuleni, mpime kwa hatua. Chumba alicholala na wenzake sita kilikuwa na hatua ngapi? Anakumbuka, amini. Mwache azihesabu mwenyewe. Mita 74, vyumba vyenye milango, mtoto wake ana kitanda chake: palepale anapopakataa pengine hajapaona, amepakumbuka tu. Na kama baada ya kusimama pale bado moyo unamkataa, basi hilo ni jibu, lipokee. Nyumba ambayo mmoja wenu anaingia kila jioni kwa aibu haitawafaa hata ikiwa bure.

Jumamosi mchukueni na mama, mwende naye kote kuwili. Msimfiche kwamba nyumba inayotafutwa ni yake pia. Kule juu mwacheni apande kwa mwendo wake, mume wako awe nyuma yake, wewe mbele na mtoto. Mkifika mlangoni mpeni kiti kwanza, apumzike. Halafu mumuulize yeye angependa kuishi wapi, kwa sababu katika kurasa zako mbili sikuona popote kwamba kuna aliyemuuliza.

Shangazi