Tyubu Moja kwa Kila Kipele

Barua nyingi za mwezi huu zinataja jambo lile lile: tyubu ya dawa ya ngozi iliyonunuliwa dukani bila mtu yeyote kuiangalia ngozi yenyewe. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu tatizo lake naliona kliniki karibu kila siku.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa miaka saba alitokwa na choa shavuni, duara dogo lenye ukingo ulioinuka. Duka la dawa waliniuzia tyubu yenye mchanganyiko wa dawa tatu. Muwasho uliisha baada ya siku mbili, lakini kila nikiacha kumpaka choa kinarudi, na sasa kimeenea hadi shingoni wala hakina tena umbo la duara. Je, niliuziwa dawa bandia? *Mama wa Morogoro*

JIBU: Njema, mama. Huenda dawa ni halisi kabisa na imefanya kazi yake barabara, ila kazi hiyo siyo uliyoihitaji. Ichukue ile tyubu uyasome maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Kwa kawaida mchanganyiko wa namna hiyo huwa na dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na ya tatu ambayo jina lake huishia kwa herufi «sone» au «sol». Hiyo ya tatu ni steroidi, na ndiyo iliyoondoa muwasho.

Wekundu, muwasho na ule ukingo ulioinuka havitengenezwi na fangasi peke yake. Ni dalili kwamba mwili unapambana naye. Steroidi huyanyamazisha mapambano hayo, mgonjwa akapata nafuu na mzazi akashukuru, huku fangasi akiendelea kutambaa bila wa kumzuia. Choa cha namna hii hupoteza sura yake hata daktari akakidhania kuwa ni pumu ya ngozi na kuandika steroidi nyingine yenye nguvu zaidi. Ndiyo maana hatutegemei macho tu: tunakwangua magamba kidogo ukingoni mwa kidonda, tunayaweka kwenye kioo na kuyatazama kwa hadubini. Ni kipimo cha muda mfupi, nawe una haki ya kukiulizia.

Acha kumpaka tyubu hiyo. Siku chache za mwanzo uso unaweza kuwa mwekundu na kuwasha kuliko awali, na hapo ndipo wengi hushindwa wakairudia, usiirudie. Choa kidogo ambacho hakijapakwa steroidi hutibiwa kwa krimu ya fangasi pekee, kama klotrimazoli, asubuhi na jioni, ikivuka ukingo kwa upana wa kidole kimoja, na huendelea kupakwa kwa wiki moja hadi mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Cha mwanao kimeshasambaa, hivyo mpeleke hospitali, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya kumeza.

Mkague pia kichwani. Ukiona mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, hayo ni mapunye, na krimu haiwezi kuyamaliza kwa sababu fangasi amejificha ndani ya shina la unywele. Mapunye hutibiwa kwa vidonge, mara nyingi griseofulvini, ambayo humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kwa wiki sita hadi nane. Watazame na ndugu zake, na paka au mbwa wa nyumbani kama yupo, kwani fangasi huyu hukaa hata kwenye manyoya yao.

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma kidato cha tatu, shule ya bweni. Usiku tunajikuna mno katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri. Baadhi yetu tunaoga kwa sabuni ya unga ili kuua wadudu, lakini ngozi inachanika na muwasho uko pale pale. *Mwanafunzi, Iringa*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muwasho unaozidi usiku, katika sehemu hizo, kwa watu wengi wanaolala pamoja, karibu kila mara ni upele. Kidudu chake huchimba chini ya ngozi ambako sabuni haifiki, na sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Huondoa mafuta yanayoikinga ngozi na kufungua njia kwa bakteria. Dawa ni losheni ya benzili benzoeti au krimu ya permethrini, ipakwe jioni kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha, kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Permethrini huachwa kwa saa nane hadi kumi na nne kisha huoshwa, na hurudiwa baada ya wiki moja. Jambo kubwa ni kwamba bweni zima lipakwe siku moja, hata asiyejikuna, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Mwonyeshe matroni barua hii. Muwasho unaweza kubaki kwa wiki mbili au zaidi baada ya vidudu kufa, na hiyo si sababu ya kujipaka dawa kila siku.

SWALI: Daktari, nimetumia mkorogo wa kujichubua kwa miaka minne. Vidole vimekuwa na sugu nyeusi kwenye viungo, jua linanichoma, na nikiacha kwa siku tatu uso unafumka vipele. Nifanyeje? *Dada wa Temeke*

JIBU: Dada yangu, sitakulaumu, maana ngozi imeshakulaumu vya kutosha. Mkorogo huwa na steroidi kali, hidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), na wakati mwingine zebaki, ambayo hupenya mwilini na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, hapo awali uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi kuwa miligramu moja kwa kilo, ila chupa iliyokorogwa nyuma ya duka haina maandishi ya kukuambia chochote. Vile vipele ni ngozi iliyozoea steroidi na sasa inaidai. Kama unajipaka mwili mzima, usiache ghafla ukiwa peke yako, kwa kuwa steroidi iliyoingia mwilini kwa miaka huweza kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni ya asili ya aina hiyo mwilini. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Ukipangiwa upasuaji, mweleze daktari wa upasuaji mapema, kwani ngozi iliyokonda huchelewa kupona. Kwa sasa paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, vaa mikono mirefu, na tumia losheni ya kukinga jua ya kiwango cha SPF 30 au zaidi. Madoa ya samawati-nyeusi yakianza mashavuni, hiyo ni kazi ya hidrokwinoni iliyotumiwa muda mrefu, na ni magumu kuondoka; wengine huongeza mkorogo ili kuyafuta, nayo yakazidi.

SWALI: Binti yangu mwenye ualbino anasoma darasa la pili. Losheni yake ikikaribia kuisha nampaka kidogo kidogo ili ifike mwisho wa mwezi. Je, inatosha? *Baba wa Bariadi*

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu, ikipakwa nyembamba kinga yake hushuka sana kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye chupa. Anza na nguo, ambayo haiishi: mikono mirefu, sketi ndefu, kitambaa kilichoshonwa kwa karibu. Losheni uitunze kwa ajili ya uso, masikio, shingo na viganja upande wa juu, uipake nene na kuirudia kila baada ya saa mbili akiwa nje. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu kama wanapata Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Kidonda au gamba lolote lisilopona kwa mwezi mmoja lionwe na daktari hata kama haliumi. Na umwombe mwalimu mkuu amruhusu kuvaa kofia yenye ukingo mpana pande zote hata mstarini asubuhi; kapelo huyaacha masikio wazi.