Re: Pomboo Kizimkazi wanakimbia boti, nifanyeje?

Habari ndugu, pole sana. Umesema ulienda Kizimkazi, kule Zanzibar, kupumzisha akili, pomboo wakawa wanazama kila boti ikisogea. Cha kwanza angalia nahodha: kabla hujalipa mwambie hutaki kufukuza, mkiwaona azime injini mbali kidogo na asiwakatie njia kwa mbele, maana wakizungukwa na boti kumi lazima wazame tu. Ondokeni alfajiri kabla watalii hawajajaa. Na usiruke majini. Mimi nilikaa kimya hivyo hadi mmoja akaja mwenyewe ubavuni mwa boti, nikamsikia anavyopumua, pfff, nikaona na kovu kwenye pezi la mgongoni, aisee machozi yalinitoka, mawazo ya mwezi mzima yakaisha palepale. Kuwaona sikuahidi, hawafugwi wale.