Chapa ya Mnyama na Kidole Changu cha Gumba

Tarehe 20 Januari 2020 ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na mimi, mfanyabiashara wa viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya, sikwenda. Mhubiri mmoja niliyemwamini sana alikuwa ametufundisha kwamba kile kifaa cha kubonyezea kidole ndicho chapa ya mnyama inayotajwa katika sura ya 13 ya Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, kwa kuwa imeandikwa kwamba watu watatiwa chapa "katika mkono wao wa kuume", na asiye nayo hataweza kununua wala kuuza. Hoja hiyo ilinikaa sawasawa, maana biashara yangu yote ilikuwa ndani ya simu. Laini ilipofungwa, mteja wangu wa Dar es Salaam alikosa pa kutuma fedha, na magunia kumi na manne yakabaki stoo hadi viazi vikaanza kuchipua. Nami nikajihesabu miongoni mwa mashahidi wa imani.

Aliyenitoa huko ni baba yangu mdogo, mzee wa kanisa katika Kanisa la Moravian kule Tukuyu. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umesoma sura ya kumi na tatu, mbona hukuendelea?" Katika Biblia yake sura ya 14 inaanza chini ya ukurasa uleule, na mstari wake wa kwanza unawataja watu 144,000 wenye jina la Mwana-Kondoo na jina la Baba yake limeandikwa katika vipaji vya nyuso zao. "Hawa nao," akasema, "unadhani waliandikwa kwa wino?"

Sikuwa na jibu, na hapo ndipo nilipoanza kukisoma kitabu cha Ufunuo upya. Ushauri wangu wa kwanza unatokana na swali lile: kabla hujaitafuta ishara katika taarifa ya habari, itafute kwanza katika Maandiko yenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati 6:8 Waisraeli waliagizwa kuzifunga amri za Mungu mkononi na katikati ya macho, kwa hiyo msomaji aliyelelewa na Torati, akisikia habari za mkono na paji la uso, alielewa kwamba panazungumzwa kazi za mtu na mawazo yake, yaani anamtumikia nani. Yohana, mwandishi wa Ufunuo, huchota sana katika Danieli, Ezekieli na Zekaria, na mara nyingine hufafanua mwenyewe: vinara saba ni makanisa saba (1:20), na maji yale ni makutano na mataifa (17:15).

Pili, wakumbuke waliopelekewa kitabu hicho, makanisa ya miji halisi iliyomo katika Uturuki ya leo. Chukua Laodikia, iliyoambiwa kuwa ni vuguvugu, si baridi wala si moto (3:15-16). Jirani yake Hierapoli ilikuwa na chemchemi za maji moto, Kolosai ilikuwa na maji baridi, na Laodikia yenyewe ilivuta maji kwa mabomba ambayo masalia yake yana utando mnene wa chokaa. Sisi wa Mbeya hatuhitaji kusafiri mbali ili kuelewa. Niliwahi kuchota maji moto kule Songwe, nikayabeba kwenye dumu hadi Mbalizi, nikaonja, nilitema palepale. Tangu siku hiyo sihubiri tena kwamba "baridi" ni mtu asiye na imani, kwa sababu maji baridi na maji moto yote yana faida yake, na lawama iko kwa yale yasiyomfaa mtu yeyote.

Usomaji huu haukuzuka jana. Tikonio, Mwafrika wa Kaskazini wa karne ya 4, aliusoma Ufunuo kwa namna hii, na askofu Augustino, katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu, aliieleza miaka elfu ya kutawala pamoja na Kristo (Ufunuo 20) kuwa ni kipindi cha Kanisa. Ireneo, askofu wa karne ya 2 aliyewatangulia wote wawili, aliingojea miaka elfu iliyo halisi, kwa hiyo sioni haki ya kumwita mpinga Kristo jirani yangu anayefikiri kama Ireneo.

Hata hivyo, usigeuze kila kitu kuwa mfano. Himenayo na Fileto walisema kwamba kiyama kimekwisha kuwapo, na Paulo akawakemea (2 Timotheo 2:17-18). Mimi kila Jumapili bado nakiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu, na simaanishi fumbo.

Mwezi Februari nilikwenda kwa wakala. Kifaa kilikikataa kidole changu mara tatu, kwa maana ngozi ilikuwa imelika kwa jembe na udongo wa viazi ulikuwa umejaa kwenye mistari. "Baba, samahani, futa kwanza," binti aliniambia, akanipa kitambaa chenye maji. Mara ya nne kikakubali.